WASAIDIZI WA WAUGUZI NI WAFANYAKAZI KAMA SISI



Sisi wa viwandani na mashambani kazi yetu hupimwa: magunia mangapi, kilo ngapi za majani ya chai, saa ngapi kwenye mashine. Lakini iko kazi isiyopimwa kwa mizani. Ni kumwosha mgonjwa asiyejiweza, kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumlisha na kumshika anapokwenda msalani. Mashambani kwetu tunamjua dresa wa zahanati na wasaidizi wake. Huko Marekani wako wasaidizi wa wauguzi, na wengi wao huwafuata wazee na wagonjwa nyumba kwa nyumba. Miongoni mwao wamo ndugu na watoto wetu kutoka Kenya, Uganda na Kongo. Kwa hiyo mambo yao yanatuhusu.

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Marekani huwa na wiki ya kuwashukuru. Ni jambo jema. Lakini shukrani bila mshahara wa haki ni maneno matupu.

Tutazame sheria. Mwaka 1938 nchi ile ilipitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Mwaka 1974 waliingizwa, ila wale waliohesabiwa kuwa wa kukaa tu na wazee na wagonjwa wakaachwa tena, kana kwamba ni jirani aliyekuja kupiga soga. Makampuni yakapitia mlango huo.

Mama mmoja, Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaica, alihudumia wagonjwa majumbani huko New York kwa miaka kama 20. Mara nyingi zamu yake ilikuwa saa 24. Alidai malipo ya saa za ziada, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 2007 majaji wote 9 walimkatalia, wakisema kanuni ya serikali inawaruhusu waajiri. Alifariki mwaka 2009. Lakini madai yake hayakufa. Mwaka 2013 serikali ilibadili kanuni, na tangu 2015 makampuni yakatakiwa kulipa. Mwaka 2025 Wizara ya Kazi ya huko ikatoa pendekezo la kuirudisha hali ya zamani. Ndiyo maana tunasema kila siku: haki iliyopatikana lazima ilindwe.

Sasa usalama. Nyumba ya mtu si kiwanda. Hakuna msimamizi, hakuna mwenzako wa kumwita. Sakafu ya bafu ni telezi, sindano imeachwa kitandani, mgonjwa aliyechanganyikiwa akili anaweza kupiga. Hatari kubwa zaidi ni mgongo. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanashauri mtu asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa. Wapakiaji wetu wanaobeba saruji ya kilo 50 watacheka. Wasicheke. Mfuko wa saruji haushtuki wala haukukamati shingo. Mgonjwa hufanya hivyo, na msaidizi hawezi kumtupa chini ajiokoe. Dawa yake ni mashine ya kunyanyulia, au watu wawili.

Kuhusu damu, kanuni ya mwaka 1991 inamtaka mwajiri atoe glavu, na chanjo ya homa ya ini aina ya B bila malipo, kwa kila anayeweza kuguswa na damu kazini.

Watu waliotawanyika hivi waliungana namna gani? Huko Los Angeles chama cha SEIU kilianza kuwaandikisha mwaka 1987. Hapakuwa na lango la kiwanda pa kuwangojea, basi waandaaji wakabisha hodi mlango kwa mlango. Mahakama ikasema serikali ya wilaya si mwajiri wao. Wakajiuliza: tujadiliane na nani? Wakashirikiana na wazee na walemavu wenyewe, wakadai kiundwe chombo cha umma cha kukaa nacho mezani. Mwaka 1999 wafanyakazi 74,000 wakaingia chamani kwa kura.

Ndugu, yako mambo ya kufanya hapa kwetu. Kwanza, kila tawi liulize kama dresa na wasaidizi wa zahanati wamo katika chama, na kama mapatano yetu na mwajiri yanawataja. Pili, wawakilishi wadai glavu, sabuni na chanjo kwa ajili yao kama tunavyodai buti na kofia. Tatu, mwenye ndugu ughaibuni katika kazi hii amwandikie: aweke hesabu ya saa zake kila siku, na atafute chama.

Anayemwinua mgonjwa leo, kesho atatuinua sisi. Tusimwache abebe peke yake.