Seva Moja, Wapangaji Wengi: Tazameni Maji ya Meru na Embu

Siku za usajili wa wanafunzi tovuti ya chuo hukwama, na kila mtu huilaumu intaneti. Mara nyingi intaneti haina kosa. Kosa liko kwenye mgao.

Taasisi siku hizi hazinunui kompyuta kwa kila kazi. Hununua seva chache kubwa, kisha programu kama vSphere ya VMware huigawa seva moja ikawa mashine pepe nyingi: moja ya usajili, moja ya mishahara, moja ya maktaba. Kila mashine hujiona iko peke yake, kumbe zote zinakula sinia moja.

Mfano mzuri uko Meru na Embu. Mito ya Mlima Kenya, kama Kathita upande wa Meru na Rupingazi upande wa Embu, hugawiwa vikundi vya wakulima kwa mabomba na mifereji. Mvua ikinyesha hakuna ugomvi. Ugomvi huja kiangazi. Seva nayo ni hivyo hivyo. Mgao huonekana pale tu mashine zote zinapotaka kwa pamoja.

Msimamizi huziweka mashine katika makundi, kisha hulipa kila kundi mambo matatu. Kwanza akiba, yaani kiasi ambacho kundi halinyimwi. Sheria ya Maji ya 2016 ina kitu kama hicho: kuna maji ya lazima kwa watu na kwa uhai wa mto wenyewe, hayo hayagawiwi. Pili kikomo, ambacho kundi halikivuki hata seva ikiwa haina kazi. Mimi kikomo sikipendi. Watu hukiweka, wakasahau, mashine ikabaki taabani huku nguvu zimelala bure.

Tatu ni hisa, na hapa ndipo wengi huteleza. Kundi lisipobadilishwa hupewa hisa 4000 za prosesa. Sasa weka mashine 2 za majaribio katika kundi moja, na mashine 10 za kazi muhimu katika kundi la pili. Wakati wa dhiki kila kundi linapata nusu. Kila mashine ya majaribio ina asilimia 25, na kila mashine muhimu ina 5. Bomba la nyumba mbili limelingana na bomba la nyumba kumi! Hisa hugawiwa kundi kwanza, halafu ndiyo waliomo ndani wagawane.

Prosesa ina nafuu, maana muda wake hurudishwa papo hapo, kama kufunga vali. Kumbukumbu ni kama maji yaliyokwisha ingia kwenye tangi la mtu. Programu huzibana mashine ziachie kidogo kidogo, na ikishindikana huihamishia kumbukumbu kwenye diski. Hapo mashine hutambaa.

Kathita na Rupingazi hatimaye huingia Tana, na Tana huishia kwetu Kipini. Watu wa mwisho wa mto hawahitaji kufundishwa mgao mbaya ni nini. Basi kaunti au chuo chako kikitangaza mfumo mpya, waulize mafundi maswali mawili: mashine ya hospitali au ya usajili ina akiba yake? Na kundi lake lina wenzake wangapi?