Spika za Gari: Pimeni Kabla ya Kununua

Redio ya pikapu ama matatu ya kikundi ikianza kukatakata, msikimbilie spika mpya. Sisi tulitoa pesa ya kikundi tukanunua mbili, kumbe shida ilikuwa waya uliokatika pale unapokunjwa na mlango.

Zimeni redio, mchomoe nyaya za spika. Chukueni betri moja ya tochi, ya volti 1.5, mguse ncha mbili za spika mara moja tu. Ikitoa mlio mdogo, "tik," koili yake haijakatika. Halafu sukumeni karatasi yake polepole kwa vidole, pande zote sawa. Ikikwaruza ndani, koili imeungua ama imepinda; hiyo ibadilishwe. Ikiwa nzima, fuateni waya.

Dukani, geuzeni spika msome nyuma ya sumaku. Spika nyingi za gari ni omu 4, alama yake Ω. Hapo ndipo tulipata hasara ya pili: tuliunga spika mbili za omu 4 kwa njia moja ya redio, chanya na chanya, hasi na hasi. Zikawa omu 2 na redio yetu ilitengenezewa 4. Ikapata moto, ikanyamaza kabisa. Jamani, ilituuma.

Fyuzi ikiungua, wekeni ya ampea zile zile. Ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, hapana! Haikatiki upesi, kwa hivyo waya ndio utawaka, na gari nalo.