Mbwa Mwitu Aliyesingiziwa

Ndugu msomaji, kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha Nabii Yusuf, amani imshukie. Nduguze walirudi kwa baba yao usiku, wakilia, na kanzu yake imepakwa damu, wakadai kwamba ameliwa na mbwa mwitu. Nabii Yaaqub hakuwasadiki. Mnyama yule hakuwa na hatia yoyote.

Kisa hiki kilinijia moyoni katika safari yangu ya karibuni huko Bomet. Dada yangu na mumewe wamehamia huko kwa miaka sasa. Shemeji anasomesha watoto Qur'ani, na anafuga kondoo pamoja na ng'ombe wawili wa maziwa, kando ya mashamba ya chai. Sisi watu wa mwambao tukiitaja Kericho na Bomet, hukumbuka mvua ya alasiri na majani ya chai yaliyotandaa kama busati. Husahau kwamba chai ile imepakana na msitu wa Mau, na kwamba upande wa kusini nchi huteremka kuelekea Narok na Maasai Mara. Njia zinazopitwa na wachuma chai mchana, usiku huwa za fisi na bweha, na mara chache chui.

Siku moja, baada ya sala ya alfajiri, tulikuta kondoo watatu wamekufa na wawili wamejeruhiwa. Mmoja wa waliokufa aliwekwa kwa akika ya mpwa wangu. Shemeji akasema neno moja tu: "Fisi!" Kabla ya adhuhuri alikwisha kupata dawa kali ya wadudu, akakusudia kuipaka kwenye mzoga na kuutupa njiani kwa wanyama hao. Dada yangu akawafungia watoto ndani kwa hofu.

Mwenyezi Mungu akamleta jirani, mzee wa Kikipsigis, kutupa pole. Aliinama, akayatazama majeraha kwa utulivu. "Mwalimu," akasema, "fisi hali hivi. Fisi angekula mpaka mifupa. Hawa wameng'atwa miguu, masikio na mapaja, na hakuna aliyeliwa. Hii ni kazi ya mbwa." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na huenda wangu wamo."

Maneno yale yalituokoa na dhambi na hasara, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Anayefuga karibu na msitu ajifunze kwanza kumtambua mkosaji. Mbwa wazururaji hujeruhi wengi na kula kidogo. Bweha huwinda wana-kondoo na wana-mbuzi, na alama za meno yake ni ndogo. Chui hukaba koo, kisha huuburura mzoga kichakani au kuupandisha mtini. Na katika nyayo zake kucha hazionekani, kwa kuwa huzificha atembeapo. Nyayo za fisi zina alama za kucha, naye hubakisha kidogo sana.

Hata majina hutuchanganya. Mbwa mwitu wa tafsiri zetu za Qur'ani si yule mbwa mwitu wa nyika zetu mwenye mabaka. Na mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba walibainisha kwamba yule bweha wa rangi ya dhahabu wa Afrika, anayepatikana pia Kenya, kwa nasaba yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya kuliko bweha wa Asia anayefanana naye.

Ama sumu, haichagui. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 2015, simba wa kundi mashuhuri la Maasai Mara walilishwa sumu iliyotiwa kwenye mzoga kwa kisasi cha ng'ombe waliouawa, na wengine wakafa. Tumbusi wanaotusafishia mizoga hufa pia, na mbwa wa jirani, na mtoto aliyegusa asichokijua. Isitoshe, sumu hiyo ni kosa kisheria.

Kinga iliyo bora ni zizi. Ukuta uwe mrefu, wavu wa waya ufukiwe chini ili usichimbuliwe, mlango uwe mzito, na palipo na chui pawekwe paa. Wanaonyonya na wanaokaribia kuzaa walale karibu na nyumba. Kondo la nyuma na mizoga vifukiwe kwa kina, kwani harufu ndiyo mwaliko. Taa nazo husaidia: kijana Richard Turere wa Kitengela, karibu na Mbuga ya Nairobi, alibuni akiwa mtoto taa za kuwakawaka zilizozuia simba wasikaribie zizi la kwao.

Wengi huniuliza kuhusu mbwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Basi afugwe kwa haki yake: alishwe, asiachwe kuzurura usiku, na achanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa na mbwa, bweha au fisi aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje dalili, zikishaonekana, ni nadra sana mtu kupona.

Mnyama aliyeuawa na mnyama mwingine ni mzoga. Haliwi wala hauzwi. Akidirikiwa yu hai na kuchinjwa, ni halali. Lakini mshambulizi akishukiwa kuwa na kichaa, nyama hiyo iachwe na daktari wa mifugo aitwe.

Iwapo ni fisi au chui kweli, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imewataja miongoni mwa wanyama ambao hasara yao hudaiwa fidia. Usiuondoe mzoga kabla ya kuupiga picha, na utoe taarifa mapema kwa ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Malipo huchelewa, basi usiifanye fidia kuwa ndiyo ua wa zizi lako. Mafakihi wetu wametufundisha kwamba mwenye shamba hulilinda mchana, na mwenye mifugo huichunga usiku. Usiku ni dhamana yetu.

Jioni ile mzee aliwafunga mbwa wake. Siku ya tatu alirudi akivuta kondoo kwa kamba. Shemeji alikataa kumpokea mara mbili, mzee akasisitiza mara ya tatu. Akika ikafanyika kwa kondoo huyo, na mzee akala pamoja nasi. Dawa ile ilikwisha kurudishwa dukani.

Wabillahi tawfiq.