Tela la boti: kabla hujanunua soma hapa kwanza

Leo naomba niongelee tela la boti. Najua wengine mtasema huyu naye kaishiwa mada, lakini subirini kidogo. Siku hizi hapa Mwanza boti ndogo za faiba zinaongezeka. Januari 2024 Rais Samia alikuja hapa hapa kukabidhi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki, na watu binafsi nao wananunua za kwao. Mtumbwi wa mbao unausukuma mchangani na wenzako basi, yameisha. Boti ya faiba yenye mashine huwezi kuiacha ufukweni usiku, maana mashine zinaibwa ziwani kila kukicha. Inabidi ilale nyumbani, na kufika nyumbani inahitaji tela.

Mjomba wangu alinunua boti ya mita 5 kwa pesa ya kuungaunga, nusu yake mkopo wa ndugu. Akapata kazi ya kupeleka chakula cha samaki kwenye vizimba upande wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, unavuta boti yako mpaka ng'ambo. Mi nikawa msaidizi wake, si unajua tena form four leaver hachagui kazi.

Tela tulilipata kwa fundi mmoja wa kuchomelea. Lilikuwa la kubebea magunia, akalibadilisha, akapaka rangi ya bluu, likapendeza kweli. Swali ambalo hatukuuliza hata mmoja wetu: hii boti ina kilo ngapi?

Siku ya kwanza, tukitokea mjini kuelekea Usagara, kwenye mteremko spidi kama 60, tela likaanza kucheza kushoto kulia kama mkia wa mbwa. Mjomba akakanyaga breki. Kosa! Likazidi. Daladala lililokuwa linakuja mbele yetu liliponea chupuchupu kwa kuingia porini. Sisi tukaishia mtaroni, mkanda ukakatika, na boti ikapasuka pale nyuma mashine inapofungwa. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Ila kazi tuliikosa wiki tatu na deni likabaki pale pale. Mjomba mpaka leo anailaumu barabara. Mi nalaumu hesabu ambayo hatukuipiga, kwa hiyo leo naipiga hapa ili nawe usije ukalipia somo hili.

KWANZA, UZITO. Usipime boti tupu. Ya kwetu bodi ni kilo 350 hivi, mashine ya HP 40 kilo 70 na ushee, petroli lita 50 ni karibu kilo 37 (lita moja ya petroli haifiki kilo moja, ni gramu 740 hivi), nanga, kamba na maboya kilo 40. Jumla kama 500. Tela lenyewe 200. Kwa hiyo gari linavuta kilo 700. Ekseli, springi na tairi zibebe huo uzito na akiba juu yake, maana mashimo ya barabara zetu unayajua. Angalia pia tairi zenyewe pembeni. Tairi la tela huwa linazeeka limesimama, kashata zipo lakini mpira umeshapasuka.

PILI, MIZANIA. Hapa ndipo tulipoumia. Sehemu ya uzito lazima ikalie nyuma ya gari, pale kichwa cha tela kinaposhika. Kwa tela la boti iwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Ikipungua, nyuma kunakuwa kuzito na tela linayumba. Ikizidi sana, gari linakaa kitako na usukani unakuwa mwepesi mbele.

Unapimaje? Wale vijana wanaopima watu uzito stendi, mzani wao unatosha kabisa. Niliazima mmoja kwa kijana wa Nyegezi. Weka tela mahali tambarare, boti ikiwa na kila kitu chake, kisha kalisha kichwa cha tela juu ya gogo lililo kwenye mzani, kwa kimo kile kile cha gari. Zuia tairi kwa mawe. Mzani ulisoma kilo 11! Ilitakiwa angalau 35.

Dawa ni mbili. Unaweza kusogeza boti mbele kwa kuhamisha ile nguzo ya winchi inayoshika pua ya boti, au kusogeza ekseli nyuma. Sisi ya kwanza ilitushinda, kwa sababu boti ikienda mbele kile kitako chenye mashine kinabaki kinaning'inia hewani. Ndio sababu ya TATU: mbao za kukalia boti lazima zifike mpaka mwisho kabisa, chini ya mashine. Zikiishia njiani, kila shimo la barabara linakunja boti yako kidogo kidogo, na mkuku nao ukalie vizuri katikati.

Basi tukalegeza boliti zinazoshika springi, tukarudisha ekseli nyuma sentimita 22. Mzani ukasoma 52. Kumbuka kupima kutoka kichwa cha tela hadi kila gurudumu, kulia na kushoto urefu uwe sawa, la sivyo litatembea upande kama kaa. Ukimaliza jaribu taratibu kwanza mahali pasipo na magari.

NNE, BERINGI. Zikiwa za moto halafu ukazitumbukiza ziwani ghafla, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inavuta maji. Maji yakiingia, grisi inaharibika na beringi inakufa. Ukifika ufukweni pumzika nusu saa, funga kizibo cha kutolea maji, chomoa waya wa taa, ndio uingie. Njiani simama mara kwa mara uguse katikati ya gurudumu. Mkono ukishindwa kukaa, usiendelee. Na minyororo ya usalama miwili ipishane chini ya kichwa cha tela, ili kikichomoka kidakwe kisichimbe lami.

Na likianza kuyumba? Usikanyage breki, usiongeze mafuta. Toa mguu, shika usukani sawasawa, liache lipungue spidi lenyewe.

Wiki iliyopita tulivuka tena daraja. Mteremko ule ule, tela limetulia tuli. Mjomba akaniangalia, akasema, "Mjomba, mzani wa yule kijana umeurudisha?" Nikamwambia nimerudisha na shilingi elfu mbili juu. Akasema ningempa tano.

Wadau mnaovuta boti huko Igombe, Luchelele, Ukerewe na kwingineko, ya kwenu inasoma kilo ngapi kichwani? Kama hujui, kapime kabla hujaingia barabarani.

Nawasilisha.