UTAMU USIOTIWA CHACHU: Keki na biskuti za Pasaka ya Wayahudi

Kila mwaka, katika mwezi wa Machi au Aprili, maduka ya mikate ya Wayahudi katika miji kama Yerusalemu, London na New York hubadili kazi yake kabisa. Unga wa ngano huondolewa, meza hukwanguliwa, na tanuri huchomwa kwa moto mkali mpaka kila chembe ya mkate wa jana iteketee. Maduka mengine hufunga milango kwa juma zima. Yale yanayobaki wazi huoka keki na biskuti za namna ya pekee, zisizo na unga wa kawaida wala hamira. Mtu wa dini nyingine anayezionja kwa mara ya kwanza hujiuliza: yawezekanaje keki kuwa keki bila unga? Jibu lake lina faida kwa kila mama na kila baba aingiaye jikoni.

ASILI YA SHERIA

Pasaka ya Wayahudi ni ukumbusho wa kutoka utumwani Misri. Kwa mujibu wa Kitabu cha Kutoka, Waisraeli waliondoka kwa haraka hata unga wao ukawa haujapata nafasi ya kuumuka. Kwa hiyo, kwa siku 7 katika nchi ya Israeli, na siku 8 kwa Wayahudi wengi waishio nchi nyingine, hakuna ruhusa ya kula wala kuweka nyumbani kitu chochote kilichochachuka kutokana na nafaka tano: ngano, shayiri, rai, oti na speliti, ambayo ni jamii ya ngano ya kale.

Mkate unaoruhusiwa huitwa matza. Ni unga na maji tu, na tangu unga ukutane na maji hadi mkate umalize kuiva hazipaswi kupita dakika 18. Ukitoka tanurini huwa mwembamba na mkavu, na huvunjika kama biskuti ngumu za mgao wa askari.

Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya ya kati na ya mashariki, waitwao Ashkenazi, huongeza katazo jingine lililoanza katika karne ya 13: hawali mchele, mahindi, maharage wala dengu katika siku hizo. Wayahudi wa Sefaradi, ambao asili yao ni Hispania, na ambao wengi waliishi Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, hawakulipokea katazo hilo, na wengi wao hula wali katika sikukuu. Mwezi wa Desemba 2015, kamati ya sheria ya madhehebu ya Conservative huko Marekani iliwaruhusu waumini wake kula vyakula hivyo. Hata hivyo, familia nyingi za Ashkenazi zimeendelea na desturi ya wazee wao.

TOFALI MEZANI

Utamu umekuwa na nafasi katika karamu ya Pasaka tangu zamani. Mezani huwekwa haroseti, mchanganyiko ambao Waashkenazi huutengeneza kwa matofaa, njugu na divai, na Wasefaradi mara nyingi kwa tende. Rangi yake ya udongo huwakumbusha walaji udongo ambao mababu zao waliufinyanga kuwa matofali walipokuwa watumwa.

Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, askari Wayahudi wapatao 20 wa Kikosi cha 23 cha Ohio waliomba ruhusa ya kufanya Pasaka kambini, katika milima ambayo leo ni jimbo la West Virginia. Matza yaliletwa kutoka Cincinnati. Kondoo, kuku na mayai walivipata kwa wenyeji. Mboga chungu wakaing'oa porini. Lakini haroseti haikupatikana kwa namna yoyote. Basi wakatafuta tofali halisi, wakaliweka mezani mahali pake, wakalitazama na kukumbuka. Habari hiyo iliandikwa na mmoja wao, J. A. Joel, na kuchapishwa mwaka 1866. Askari yeyote aliyewahi kusherehekea sikukuu mbali na nyumbani atawaelewa watu wale.

KAZI YA MWOKAJI

Mwokaji wa Pasaka ana maadui wengi waliojificha. Sukari ya unga ya kupambia keki mara nyingi huchanganywa na wanga wa mahindi. Yeye hutafuta ile iliyotiwa wanga wa viazi. Bekingi pauda yenyewe haikatazwi, kwa kuwa kinachokatazwa ni nafaka iliyochachuka, lakini nayo huwa na wanga wa mahindi. Hivyo hutengenezwa nyingine. Nchini Marekani, ambako soda hutiwa sukari ya majimaji itokanayo na mahindi, Coca-Cola huuza kabla ya Pasaka chupa zenye vifuniko vya manjano zilizotiwa sukari ya kawaida.

Liko pia sharti la siku zote: nyama na maziwa havichanganywi katika mlo mmoja. Keki itakayoliwa baada ya nyama haiwezi kutiwa siagi. Hutiwa mafuta ya mimea.

Badala ya unga, mwokaji hutumia lozi zilizosagwa, wanga wa viazi, nazi, au matza yaliyosagwa upya. Matza hayo yametokana na ngano, lakini kwa kuwa yamekwisha kuiva hayawezi tena kuumuka. Wapo hata hivyo Wayahudi wenye kushika sana, ambao hawakubali matza yaguswe na maji mpaka siku ya mwisho ya sikukuu.

IPI NI TAMU?

Anayeonja vitamu hivi mara moja hutambua kwamba viko vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vile vinavyojitahidi kufanana na keki ya ngano. Keki nyepesi ya unga wa matza ni mfano wake. Huinuliwa kwa mayai mengi yaliyopigwa, kama ufanyavyo mkate wa mayai wa watu wa pwani. Lakini mkono ukiwa mzito kidogo, keki hushuka, ikawa kavu na kukwama kooni. Wayahudi wenyewe huifanyia mzaha.

Namna ya pili ni vile ambavyo havikuhitaji ngano tangu mwanzo, na hivi ndivyo vitamu kweli. Keki ya machungwa na lozi ya Wasefaradi, ambayo Claudia Roden, mzaliwa wa Cairo, aliieleza katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1968, hutengenezwa kwa machungwa mawili yaliyochemshwa mpaka yakalainika, yakasagwa pamoja na maganda yake, kisha yakachanganywa na mayai, sukari na lozi. Hutoka yenye majimaji na harufu nzuri. Viko pia vipande vya matza vilivyomwagiwa sukari iliyoungua na chokoleti. Hapo ugumu wa matza huwa ndio sifa yake.

Kisha yako makaruni, ambayo yasichanganywe na makaroni ya tambi. Hapo kwanza yalikuwa biskuti za lozi za Italia. Baadaye nazi ikachukua mahali pa lozi. Anayejua kashata za nazi atajiona yu kwa jirani: nje ni makavu yenye rangi ya dhahabu, ndani ni laini na yanatafunika. Tofauti ni ute wa yai, ambao hushika nazi pamoja na kuipa wepesi.

MAKARUNI YA NAZI NYUMBANI

Mahitaji: nazi kavu iliyokunwa gramu 200, sukari gramu 120, ute wa mayai 3, chumvi kidogo sana.

Ikiwa nazi ni mbichi, ikaushe kwanza kwenye kikaango juu ya moto mdogo bila kuiunguza. Changanya ute, sukari na chumvi, piga mpaka povu litokee, kisha tia nazi na ukoroge. Acha dakika 10 ili nazi inyonye. Finyanga vidonge vidogo kwa vijiko viwili, uvipange juu ya karatasi iliyopakwa mafuta. Oka kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20, mpaka ncha zigeuke rangi. Asiye na tanuri atumie sufuria pana yenye makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Viini vya mayai visitupwe. Vitie katika mchuzi au uvikaange kwa chakula cha asubuhi.

HESHIMA KWA MGENI

Mtu asidhani kwamba makaruni hayo, kwa kuwa hayana ngano, yanamfaa kila Myahudi wakati wa Pasaka. Sufuria iliyopikia ugali na chapati mwaka mzima hairuhusiwi kwa mwenye kushika sheria. Anayemkaribisha mgeni wa namna hiyo amwulize kwanza. Matunda mabichi mazima mara nyingi ndiyo zawadi salama. Vilevile, mgonjwa aliyekatazwa ngano na daktari asipewe matza ya kawaida, kwa kuwa ni ngano. Wala asiyepatana na lozi asipewe keki ya lozi.

Mgeni huyo si lazima atoke mbali. Karibu na Mbale, Uganda ya mashariki, wanaishi Abayudaya, jumuiya iliyoshika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 ikiongozwa na Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari wa vita. Katika miaka ya 1970 utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku dini hiyo. Wengi waliiacha, wachache waliendelea kusali kwa siri. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pasaka ya mwaka ule ilipoanza.

Kwa watu waliopita katika hofu ya namna hiyo, kula mkate usiochachuka mlango ukiwa wazi si jambo dogo. Jirani anayetaka kuwafurahisha katika sikukuu yao hahitaji ujuzi mkubwa wa kuoka. Kumwuliza mtu anakula nini na hali nini, kisha kulishika jibu lake, ni ukarimu ambao kila nyumba inaumudu.