Makaburi ya Baba Zetu Yako Wapi?

Mama uliye jikoni, punguza moto kidogo. Na wewe mzee uliyeketi nje, sogeza kiti karibu na redio, kwa maana jambo la leo linakuhusu wewe kuliko vijana.

Katika kitabu cha Nehemia, mlango wa pili, twasoma habari za mtu aliyesimama mbele ya mfalme akiwa na huzuni usoni. Mfalme alipomwuliza sababu, Nehemia hakuanza na malango yaliyoteketea. Alianza na makaburi: mji walimozikwa baba zake ulikuwa ukiwa. Tulikuwa tumelisoma neno hilo mara nyingi tangu chuo cha theolojia, nalo lilitupita, mpaka mama mmoja alipotungojea mlangoni baada ya ibada hapa Mutuini.

Mama huyo amepita miaka themanini. Wana wa kaka yake walikuwa wakitaka kuuza shamba ili pajengwe nyumba za ghorofa za kupangisha, kama mnavyoziona zikiota kila mahali Dagoretti siku hizi. Akawaambia, "Babu yenu amelala humo, karibu na ua wa chini." Wao wakasema hakuna kaburi humo, hawajaliona tangu kuzaliwa. Mama akatuambia, "Pasta, nisaidie. Msalaba ulikuwa wa mti, ukaliwa na mchwa. Sasa wanasema naota."

Basi tukaanza kutafuta, na tuliyojifunza twapenda kuwaeleza, kwa kuwa nyumba nyingi zina swali kama lile.

Kwanza ni lazima tujue marehemu alikufa zamani gani. Ukitafuta kaburi la baba wa babu yako aliyekufa kabla ya Injili kukaa Kabete na Thogoto, huenda unatafuta kitu kisichokuwako. Katika desturi ya Wagikuyu wa wakati ule, mzee mwenye mali na watoto alizikwa, lakini watu wengi hawakuzikwa. Mgonjwa aliyekaribia kufa alitolewa nje ya boma, akalazwa porini, na fisi wakafanya kazi yao. Tena ilikuja ile njaa kubwa ya 1898 na 1899, ambayo wazee waliiita Ng'aragu ya Ruraya, pamoja na ndui, hata waliobaki hawakuwa na nguvu za kuchimba. Kwa hiyo mtu akija kukuonyesha rundo la mawe na kusema ni kaburi la mwaka ule, tena anataka pesa kidogo, mshukuru uende zako.

Makaburi yenye msalaba na jina yalikuja pamoja na misheni. Kule Thogoto alizikwa mmisionari Mskoti Thomas Watson, aliyekufa mwaka 1900, na mkewe Minnie akabaki akifundisha mpaka 1931. Alipofariki kwao Uskoti mwaka 1949, majivu yake yaliletwa hapa yakawekwa karibu na mumewe. Wasomaji wa kwanza waliona mambo hayo, nao wakaanza kuzika watu wao. Wengine walilaumiwa vikali na wazee, maana kugusa maiti kulikuwa unajisi. Twasahau kwamba kuzika tu, jambo tunaloliona la kawaida, kwa babu zetu lilikuwa ushuhuda wa imani.

Halafu kuna waliokufa mbali. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu ya wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika, na jina la Kariakor hapa Nairobi limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mwaka 1917 Daktari John Arthur wa Thogoto aliwaongoza vijana wa misheni kwenda kazi hiyo. Wapagazi waliokufa kwa kuhara na homa, wengi hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa sawasawa na wenzao wazungu, ikaomba radhi. Lakini kama mtu wako alikuwa askari wa vita vya pili, usikate tamaa: nenda kwenye makaburi ya vita pale barabara ya Ngong, ambayo si mbali nasi. Yalifunguliwa mwaka 1941, na askari Waafrika wamelala humo kwa majina yao. Tume hiyo ina orodha, nayo huulizwa bila malipo. Ukiwa na namba yake ya jeshi, kazi inakuwa nyepesi.

Zamani za hali ya hatari zilivuruga mambo zaidi. Tangu 1954 watu walikusanywa vijijini, na waliokufa huko walizikwa kwa haraka. Wakati uo huo vipande vya ardhi viliunganishwa, kila mtu akapewa shamba moja mahali pamoja. Sasa fikirini: babu alizikwa katika kipande chake cha zamani, na kipande kile kikawa cha jirani. Jirani hakulia juu ya kaburi lile. Alilima.

Tulipomwuliza mama yule baba yake alikufa lini, alisema, "Mimi nilikuwa msichana mkubwa, tumeshatoka kijijini, uhuru bado." Tukajua ni kati ya 1960 na 1963, nayo ikawa habari njema, kwa kuwa mzee alizikwa katika shamba jipya, lile lile linalouzwa. Ikabaki kupata ushahidi. Cheti cha serikali hakikuwako. Uandikishaji wa vifo kwa Waafrika ulienea polepole, haukufika nchi yote mpaka 1971. Palibaki vitabu vya kanisa.

Hapa inatupasa kuungama. Sisi makasisi ni watunzaji wabaya wa vitabu. Katika parokia moja tuliyotumikia, tulikuta rejista ya mazishi chini ya kinanda kibovu, panya wamekula kurasa za mwanzo, na mtoto amechora gari juu ya wafu wa mwaka mzima. Wazee wa kanisa, tafadhali, wiki hii fungueni kabati la vestri mwone kilichomo.

Tena kuna ugumu wa majina. Mnajua kwamba kwetu mwana wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa baba, na wa pili kwa baba wa mama. Hivyo binamu watano wanaweza kuwa na jina moja, na baba zao pia wana majina yale yale. Kuna na jina la ubatizo, ambalo huenda mkewe tu ndiye aliyelijua. Kwa hiyo usiende na jina moja. Nenda na jina la ubatizo, jina la mke, rika lake la tohara, na jina la katekista aliyezika. Waulize wakongwe kwanza, kabla ya vitabu, kwa maana kitabu kitangoja na mkongwe hatangoja.

Na kama mtu wako alifia hospitali akazikwa na jiji, uliza kwenye ofisi ya makaburi ya Lang'ata ukiwa na tarehe ya mazishi. Jihadhari na jambo moja: kule kuna makaburi ya kudumu na ya muda, na la muda huweza kutumiwa tena baada ya miaka. Tangu 1996 pametangazwa kuwa pamejaa, na bado watu wanazikwa pale. Usichelewe.

Wengine mtauliza, "Pasta, je, hii si kurudia mizimu?" La. Kumwaga pombe kaburini na kuomba wafu watulinde, hilo tumeliacha. Lakini Abrahamu alinunua pango la Makpela kwa shekeli mia nne za fedha, akakataa kupewa bure, ili Sara awe na mahali pasipo ugomvi. Daudi alikwenda mwenyewe kuichukua mifupa ya Sauli, aliyekuwa adui yake, azikwe katika kaburi la babaye. Nao ambao hawana kaburi wamkumbuke Musa, ambaye Torati yasema hakuna ajuaye kaburi lake, na Mungu hakumpoteza.

Sasa mama yetu. Katika parokia ya tatu tuliyoiendea tulipata mstari mmoja, kwa wino uliofifia, wa mwaka 1961. Jina la ubatizo, jina la babaye, umri kama hamsini, na mbele yake maneno "shambani kwake". Tukampelekea nakala. Hakuweza kusoma, akaomba asomewe mara tatu.

Wale vijana walikuja jioni moja nyumbani kwa shangazi yao. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na madeni, na watoto shuleni. Tuliwaeleza kwamba sheria hairuhusu mtu kuhamisha maiti bila kibali, na mnunuzi akikuta mifupa wakati wa kuchimba msingi, kesi itakuwa yao. Walinyamaza. Kisha mkubwa wao akauliza, "Shangazi, ni hatua ngapi kutoka kwenye ua?"

Alipelekwa kesho yake asubuhi, akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili. Alihesabu hatua mpaka kumi na nne, akasimama kati ya sukuma wiki, akavua viatu. Bei ya shamba bado wanaizungumza na mnunuzi, na kipande kile kidogo kimewekewa nguzo nne na waya.