Valvu Mpya Ndani ya Redio Kuukuu



Kabla ya simu za mkononi, vituo vya afya vya mbali viliongea na AMREF kule Nairobi kwa redio za masafa mafupi. Redio kuukuu za aina hiyo bado zipo, na vijana wetu mafundi huletewa. Tuchukue Yaesu FT-101E ya miaka ya 1970, redio ya ridhaa. Kuirusha hewani ni lazima uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Alama za Kenya huanza na 5Z4.

Mwishoni mwa njia ya kurushia kuna valvu mbili za 6JS6C, zile chupa za kioo. Zilibuniwa kwa ajili ya televisheni, na siku hizi ni adimu. Sasa, kikundi kinachanga pesa, valvu zinapatikana, zinachomekwa, na baada ya muda mfupi zimeungua! Shida ni nini?

Mnajua maiki ikikaribia spika kanisani inavyopiga yowe. Sauti iliyotoka imerudi ilikoingilia. Ndani ya valvu ni vivyo hivyo: nguvu kidogo huvuja kutoka anodi kurudi kwenye gridi, na redio huanza kujipigia kelele yenyewe. Kwa hiyo watengenezaji waliweka kapasita ndogo ya kurekebishwa, inayorudisha nguvu kiasi kile kile lakini kinyume, zikafutana. Valvu mpya huvuja tofauti kidogo na za zamani, hasa za kiwanda kingine, basi kile kipimo cha zamani hakifai tena.

Lakini ngojeni kwanza. Mle ndani mna volti 600 hivi, nazo hubaki hata ukichomoa plagi. Zinaua. Chomoa, subiri, maliza chaji kupitia rezista, kisha hakikisha kwa mita kabla ya kugusa chochote.

Tumieni valvu mbili za kiwanda kimoja. Wekeni kwanza mkondo wa kupumzika, miliampia 60, bila kusema kitu kwenye maiki. Halafu badala ya antena fungeni mzigo bandia wa omu 50, na mwende bendi ya mita 10, maana uvujaji husumbua zaidi kwenye masafa ya juu.

Rusha kwa sekunde chache tu, ukizungusha kitufe cha PLATE. Mkondo wa anodi utashuka halafu upande. Pale unaposhuka kabisa ndipo nguvu inayotoka iwe kubwa kabisa. Kama sehemu hizo mbili hazikutani, sogeza ile kapasita unywele mmoja kwa bisibisi ndefu ya plastiki, mkono mwingine ukiwa mfukoni. Pumzisha valvu, pima tena. Kazi hii haitaki haraka, twaweza kurudia mara kumi.

Vikikutana, jaribuni bendi nyingine, mfunike chumba cha valvu, ndipo mrudishe antena.